Somo la Karafuu

Juzi nilishuka Mtambile nikakuta majamvi yametandikwa kando ya barabara, karafuu zimeanikwa zinageuka rangi. Watu wa mjini huisifu harufu ile kama manukato. Mimi hunirudisha darasani, na si kwa raha. Kaa nikuhadithie.

Tulianza kusoma kwa bakora. Ukikosea unachapwa, ukijibu kwa sauti ndogo unachapwa pia. Kisha akaja mwalimu mpya wa kike kutoka Unguja, katoka mafunzoni na mambo yake. Bakora akaitupa juu ya kabati, madawati akayapanga duara, akatuambia, "Leo sisemi mimi, mnasema nyinyi." Hesabu tukajifunza kwa makombe ya pwani, sayansi kwa kuotesha kunde kwenye vifuu vya nazi. Nilikuwa nakimbilia shule na kipande cha muhogo wa bibi mkononi, bado cha moto.

Aliyefunguka kuliko wote ni msichana niliyekaa naye dawati moja, mtoto wa nyumba jirani. Wakati wa bakora ungedhani bubu. Sasa hata umwombe anyamaze, humuwezi. Alimpenda mwalimu yule kupita kiasi, na hakutaka kitu duniani ila kusifiwa naye mbele ya watu.

Msimu wa karafuu ulipoingia, mwalimu akataka kila kundi lioneshe kazi moja kama inavyofanywa nyumbani, tangu mtini hadi mizani. Ili somo liwe la kweli, akamwalika bwana mpimaji wa kituo cha serikali cha kununulia karafuu. Akaja na mizani yake, akakaa mbele, mpole, akitafuna kashata aliyokaribishwa.

Kundi la kwanza walipanda madawati wakijifanya wanachuma, tukacheka. Kundi letu tukachambua, vijiti vya makonyo tukivitupa kando na kuimba kama mama zetu. Kisha akasimama yule msichana wa dawati langu kuonesha kuuza. Akazigawa karafuu mafungu mawili.

"Fungu hili dogo laenda kituoni," akasema. "Hili kubwa baba hulificha chini ya makumbi ya nazi. Kukiwa na kiza watu wa mashua huja kulitwaa, wende nalo ng'ambo. Kule wanunua ghali."

Hata aliye mdogo kuliko sote darasani alijua kuwa fungu la pili ni magendo na halitajwi, na nyumba nyingi zilikuwa nalo. Msichana naye alijua. Lakini alikuwa ameambiwa aeleze ya kwao bila woga, na mwalimu alikuwa akimtazama kwa tabasamu. Mwalimu huyo hakusikia magendo. Alisikia mtoto anajieleza. Akasema, "Mpigieni makofi ya kilo." Tukapiga. Mpimaji akapiga kwa nguvu kuliko sisi.

"Mashallah, mwanangu," akamwambia. "Na hayo makumbi yako upande gani?"

"Uani, nyuma ya choo," akajibu, meno yote nje.

Kesho yake gari ikaja. Karafuu zikapakiwa na baba mtu akapakiwa juu yake, mkewe akilia kizingitini. Bibi yangu alitazama mpaka vumbi likatua. "Masikini," akasema, "katajwa na mwanawe mwenyewe."

Msichana alirudi shule kwa kuwa nyumbani hapakaliki. Mama zetu walitukataza kukaa naye, tukamwachia upande mzima wa duara. Mwalimu akamwuliza swali, kimya. Akamwuliza tena kwa upole, halafu kwa hasira. Mwishowe akapanda kiti, akaiteremsha bakora, akamchapa kwa kosa la kutoshiriki.

Duara lile limekufa. Mwalimu alihamishwa, madawati yakarudi kwenye mistari, na mimi sijapata tena kusoma kwa furaha ile. Namlaumu mwalimu mpaka leo, na bado natamani nirudi kwenye makombe yake. Ndivyo moyo ulivyo mjinga.

Baba mtu alipoachiwa hakumpiga mwanawe, wala hakumfokea. Jioni tuliwasikia wakizungumza uani kwao, baba, mama na kaka zake wakubwa. Akitokea yeye, wananyamaza wote. Wanampa sahani yake, wanangoja ale amalize, aingie ndani. Ndipo wanaendelea.