Maji ya Kumwaga

Ebenyo alijifunza kutengeneza espreso huko Lokichar, katika kantini ya kambi ya wakandarasi wa mafuta. Aliajiriwa kuosha vyombo. Mhandisi mmoja aliyependa kahawa kali alichoka kujitengenezea mwenyewe, akamwonyesha namna ya kusaga, namna ya kushindilia, na namna ya kusubiri mpaka kahawa itiririke nyembamba kama mkia wa panya. Kambi ilipofungwa, watu walinunua magodoro, viti na jenereta. Mashine ya kahawa haikutakwa na mtu. Ebenyo aliichukua badala ya mshahara wake wa mwisho, akaifunga kwa blanketi, akaileta Lodwar juu ya lori la mbuzi.

Nyumba yao iko Kanamkemer, kando ya barabara. Alitoboa dirisha la chumba cha mbele likawa kaunta, na watu wakaja: walimu, maafisa wa mashirika, vijana wa ofisi za kaunti. Kiprop, muuguzi mmoja aliyekuja Lodwar kutoka Eldoret, alikuwa akikiinua kile kikombe kidogo na kuuliza mdoli mwenye chombo hiki yuko wapi. Lakini alirudi kila siku. Nakiru, mke wa Ebenyo, ni dada yangu. Mengi ya haya niliyaona kwao, na mengine alinisimulia yeye.

Mama yake Ebenyo aliitwa Aregae. Alihamia kwao baada ya ukame kummalizia mifugo. Alikuja na ngozi ya kulalia, kigoda na kikombe cha bati. Alikataa chumba, akalala uani. Kiswahili chake kilikuwa cha kugombana na watu wa boda boda tu. Nyumbani alizungumza Kiturkana, na alizungumza kidogo.

Miguu yake ilianza kuvimba. Hospitalini walimpima, wakasema figo zimechoka, ila bado zinafanya kazi, na zikitunzwa zinaweza kumfikisha mbali. Daktari, msichana mpole asiyeinua sauti, aliandika dawa, kisha akasema kwamba chumvi ipunguzwe, na si ya chakula tu. Maji ya kisima cha mtaa wetu yana chumvi. Kila mtu anajua. Sufuria ikikauka jikoni inabaki na unga mweupe ambao hautoki hata kwa jivu, na mgeni akipewa chai huuliza nani ameitia chumvi. Ebenyo aliondoka hospitalini akiwa na jambo moja kichwani: mama yake apate maji mengine.

Wiki hizohizo mashine nayo ikagoma. Aliipeleka Kakuma, kwa Didace, Mkongo anayetengeneza jenereta na friji katika soko la kambi ya wakimbizi. Didace alifungua tangi la kuchemshia, akalipindua, vipande vyeupe vikaanguka mezani kama maganda ya mayai.

“Kaka,” alisema, “wewe hauuzi kahawa. Uko unapika mawe.”

Alimwambia kwamba mara nyingine ikija hivyo hataweza kuiokoa. Dawa yake ilikuwa chujio lenye shanga ndogo ndani, unaloliosha kwa chumvi kila baada ya muda. Shanga hukamata ile chokaa, na mashine inaishi. Ebenyo aliuliza kama maji hayo yanafaa pia kunywewa na mgonjwa wa figo. Didace alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. Akasema kwamba shanga huondoa chokaa lakini huweka chumvi mahali pake. Mashine ingefurahi, lakini kwa mama hakutaka kudanganya.

Duka la Mureithi mjini Lodwar lilikuwa na aina tatu za chujio. La kwanza lilikuwa jagi lenye mkaa, linaloondoa harufu na kuacha chumvi ilivyo. La pili lilikuwa lile la shanga. La tatu lilikuwa na mitungi mirefu iliyosimama pamoja, pampu, tangi dogo la chini ya meza, na ndani yake ngozi nyembamba ya plastiki inayozuia karibu kila kitu kilichomo majini. Hilo lingefaa mashine na lingemfaa mama. Lakini Mureithi hakuficha ubaya wa chujio hilo. Kwa kila mtungi mmoja unaotoka safi, miwili hivi hutoka kwa bomba la pili, imebeba chumvi yake na ya ule mmoja.

“Boss, hili linakunywa kwanza lenyewe,” alisema, “ndiyo likukumbuke.”

Nakiru alitaka lile la shanga. Alisema mashine ndiyo inayowalisha wote, mama akiwemo, na mama wangeweza kumnunulia maji ya chupa. Ebenyo alijibu kwamba chupa zinazouzwa barabarani hujazwa hakuna anayejua wapi. Waligombana kwa sauti ya chini, kama watu wanaokaa nyumba yenye dirisha la kaunta. Mwishowe Ebenyo aliuza pikipiki yake, akaleta lile la tatu. Aregae mwenyewe hakuulizwa na mtu. Ilionekana si jambo la kumuuliza.

Fundi alilifunga chini ya meza ya jikoni, akatoboa ukuta, akapitisha bomba la pili mpaka uani. Alieleza jinsi linavyofanya kazi. Tangi dogo likijaa, kila kitu husimama. Ukifungua mfereji wa maji safi, pampu huanza tena, na bomba la nje nalo hutiririka.

Aregae aliketi kwenye kigoda chake, akalitazama lile bomba. Maji yalikuwa yakianguka mchangani na kupotea. Alitazama mpaka pampu ikanyamaza, kisha akamwita mwanawe.

“Hayo yanakwenda wapi?”

“Yanamwagika, mama.”

“Nani anayamwaga?”

Ebenyo alijaribu kumweleza. Alisema yale ya ndani ni yake, ya kunywa, ya kuponya miguu, na haya ya nje ni mabaya, yamebeba chumvi yote. Aregae alikinga kiganja. Maji yalikuwa meupe, hayana udongo, hayana mdudu. Huyu ni mwanamke ambaye usichana wake aliumaliza ndani ya visima vilivyochimbwa katika mto mkavu, amesimama chini kabisa, akichota matope kwa kikombe na kuwapitishia waliosimama juu yake, akingoja shimo litoe tena. Alikuwa na kaka aliyekufa katika shimo kama hilo mchanga ulipoporomoka. Hakubishana na mwanawe. Kesho yake palikuwa na beseni chini ya bomba, na baada ya siku chache pipa. Ebenyo alisema sawa, yatafaa kufulia na kunyunyizia vumbi la uani.

Kahawa ya kwanza ya maji mapya ilikuwa mbaya. Kiprop aliionja, akakirudisha kikombe kwenye kaunta na kuuliza kama leo wanauza maji yaliyoosha kikombe cha jana. Ebenyo alimpigia Didace simu. Didace alicheka, akasema maji sasa yamekuwa matupu mno. Kahawa hutaka chokaa kidogo ya kushika ladha. Atie kikombe kimoja cha maji ya kawaida katika kila jagi, mashine haitaumia. Ebenyo alifanya hivyo, na ladha ikarudi. Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha, alisimama uani kwenye tangi kubwa la kuhifadhia maji ya kisima, akachota kikombe na kukitia katika jagi la maji safi. Aregae alikuwa akimwona.

Maji yake yeye hayakuchanganywa. Nakiru aliyatia katika mtungi mdogo wenye kifuniko, asubuhi na jioni, akauweka karibu na ngozi yake. Kila jioni mtungi ulikuwa mtupu. Walifurahi. Ebenyo aliwaambia wateja kwamba mama sasa anakunywa vizuri, na wateja walimsifu kwa kumtunza mzazi.

Miguu haikupungua. Ilivimba mpaka ukibonyeza kidole shimo linabaki. Kisha ukaja mwasho, akawa anajikuna mgongo kwenye nguzo ya uzio kama ng'ombe, na chakula kikawa kinamrudi. Daktari alitazama majibu ya damu, akauliza mgonjwa anakunywa maji gani. Ebenyo alimweleza kuhusu chujio, tena kwa fahari kidogo, akataja ile ngozi ya plastiki na idadi ya mitungi. Daktari aliuliza tena kama ana uhakika. Ebenyo alichukia. Njiani kurudi alimwambia Nakiru kwamba madaktari wa siku hizi wakishindwa hutafuta kosa la mtu wa nyumbani.

Hata hivyo alibadilisha mitungi yote ya chujio kabla ya wakati wake.

Nakiru ndiye aliyeona. Siku moja mchana alitoka jikoni akitafuta ndoo, akamkuta Aregae ameinama kwenye pipa, kikombe cha bati mkononi, anakunywa taratibu. Kando yake walisimama wanawake wawili wa jirani na mitungi yao, wanangoja zamu, kwa sababu alikuwa akiwagawia kwa miezi kadhaa. Ule mtungi mdogo wenye kifuniko, uliokuwa na maji safi ya asubuhi, Aregae alikuwa ameuinamisha na kuumimina katika jagi la maji ya kahawa lililoachwa pale uani.

Ebenyo aliitwa kutoka kaunta. Aliwaacha wateja wamesimama.

“Mama, umekunywa haya tangu lini?”

“Tangu ulipoyaleta.”

“Nilikuambia ni ya kumwaga.”

“Nilikusikia.” Aregae alijifuta mdomo kwa ukingo wa shuka. “Yale ya ndani hayana kitu. Ni kama kunywa upepo. Wewe mwenyewe huyatilia mengine kila asubuhi ndipo watu wako wakubali kuyanywa. Unafikiri mimi sina macho?”

“Ile ni ya kahawa, mama. Ni ya ladha tu.”

“Na mimi sina ulimi?”

Akaongeza kwamba alikuwa akiyarudisha yale ya ndani ili biashara isipungukiwe, kwa kuwa ameona yanatoka machache, na kwamba mtoto wake asimwage maji mchangani huku wanawake wa watu wanapanga foleni kisimani tangu alfajiri. Alisema bila hasira. Alikuwa anamfundisha.

Ebenyo alilisukuma pipa kwa mguu likaanguka. Maji yalikimbia mpaka chini ya uzio, na wale wanawake wawili wakaruka nyuma kuokoa viatu. Jioni hiyo alinunua bomba refu, akaliunganisha na lile la ukutani, akalipeleka nyuma ya nyumba kwenye miiba ambako mama yake asingeweza kufika. Wanawake wale walikoma kumsalimia. Ukiwasalimia kwa ejok walitazama upande mwingine. Kwao huyu alikuwa mtu aliyepata mashine akaanza kuwanyima watu maji.

Lakini lilikuwa limechelewa. Hospitalini walisema figo zimefika mwisho, na kilichobaki ni mashine ya kusafisha damu, mara kadhaa kila wiki, maisha yake yote. Ebenyo alimuuliza daktari kama ni yale maji. Daktari alisema ugonjwa ulikuwapo tangu mwanzo. Hawezi kusema ni maji. Alipoulizwa kama anaweza kusema si maji, alirudi kuandika kwenye kadi ya mgonjwa.

Aregae aliuliza swali moja tu, na Ebenyo akalitafsiri: akifungwa kwenye mashine hiyo ataruhusiwa kunywa anavyotaka? Akajibiwa kwamba atanywa kwa kipimo, kidogo sana, kwa sababu mwili hauwezi tena kuyatoa. Akasema apelekwe nyumbani.

Walimrudisha uani, kwenye ngozi yake. Ruhusa ilikuwa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Midomo yake ilipasuka. Nakiru alimletea kikombe cha maji safi, Aregae akakinusa na kugeuza uso. Akaletewa tena jioni, akageuza. Kesho yake hivyohivyo. Ebenyo alifunga dirisha la kaunta, akaja akachuchumaa mbele yake.

“Mama, kunywa. Kwa ajili yangu.”

“Yale yako wapi?” aliuliza Aregae. “Ya bomba.”

Nakiru alimvuta mumewe pembeni. Alinong'ona kwamba achote tu ya kisima kwenye tangi kubwa, yana chumvi vilevile, mama hatajua. Ebenyo alilitazama tangi. Baadaye alimwambia mkewe kwamba alikuwa ameshamwamulia mama yake mara moja bila kumuuliza, na hakuwa na nguvu ya kufanya hivyo mara ya pili.

Akachukua kile kikombe cha bati na kuingia jikoni. Tangi dogo lilikuwa limejaa, kwa hiyo pampu ilikuwa kimya na bomba la nje limekauka. Akafungua mfereji wa maji safi mpaka mwisho. Maji yakaanguka katika karai, karai likajaa, yakaanza kupita juu na kutambaa sakafuni kuelekea mlangoni. Pampu ikaguruma. Ebenyo akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga magoti kwenye miiba, akashika mdomo wa bomba na kusubiri yafike.

Alipomletea, Aregae aliyanywa yote, bila kupumzika. Nakiru akaingia ndani kufunga mfereji.