Wimbo Nilioutunza New Street

Nisikilize mpaka mwisho ndipo uniite muongo, maana najua utaniita. Wenzio wameshaniita. Shehe aliniita kwa adabu, daktari alinipa vidonge, na hiyo ndiyo namna yao ya kukwita muongo. Lakini haya yamenifika mie mwenyewe, hapahapa Birmingham, hadharani, watu wamejaa wanatoka madukani. Na usinambie nikae kitako ndiyo nihadithie. Ningekuwa naweza kukaa nisingekuwa na cha kuhadithia.

Zama hizo watu wa Longbridge walikuwa bado wanatengeneza magari. Sisi tulipanga nyumba Saltley, mie na Seif mume wangu, dereva wa teksi, na mwanetu Rukia. Nilikuwa nafunga sambusa kwenye kiwanda kidogo nyuma ya Alum Rock Road. Kazi yenyewe ya kukaa: benchi refu, manda huku, nyama kule, na midomo inafanya kazi kuliko mikono. Aliyekaa ubavuni mwangu ni Njeri, Mkenya, mchana anafunga sambusa na usiku anatunza wazee. Rukia alikuwa na miaka saba. Amezaliwa hapa, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kizungu, lakini arusi zetu alizipenda kuliko skuli. Akirudi arusini hujifunga kanga yangu akacheza taarabu sebuleni peke yake, mpaka Seif anacheka machozi.

Basi siku moja ya baridi nilikwenda mjini na Njeri kumnunulia Rukia koti. Unajua baridi za hapa, saa kumi jioni jua limeshazama. Tulipotokea New Street nikasikia mwanamke anaimba na gita. Nikasimama. Lugha siijui, lakini mwendo wa ule wimbo, wallahi, ulikuwa wa kwetu kabisa, wa kuvuta na kurudisha, kama mtu anakwambia jambo na huku anakuficha. Miaka mingi nilikuwa sijapata kitu cha kunisisimua hivyo.

Muimbaji ni msichana wa Kijapani, mwembamba, nywele fupi, kikoti chepesi. Ana spika ndogo ya betri, na kasha la gita liko wazi chini, lina vijisenti. Watu wanampita kama hawamsikii. Kila mdomo pale ulikuwa unatoa mvuke kwa baridi, ila wake. Nikamtazama miguu. Usicheke! Mtu wa kwetu akishuku kitu hutazama miguu kwanza. Haikuwa kwato. Ilikuwa miguu ya binadamu, ndani ya raba zilizolika mpaka soksi zinaonekana. Nikasema alhamdulillahi, ni mtu. Lakini miguu yenyewe haikutulia. Inakanyaga papo kwa papo, huu chini huu juu, na wala haifuati wimbo. Juu anaimba polepole, chini anakwenda mbio. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Sasa hapa ndipo penye jambo, na kama hukulelewa na taarabu sharti nikueleze. Kwetu muimbaji akikukuna moyo, hukai ukapiga makofi tu. Unanyanyuka, unashika noti juu watu waione, unamwendea kwa madaha, unamtia mkononi. Huko ndiko kutunza. Na ukishautunza wimbo umeuchukua. Yale maneno si ya muimbaji tena, umeyasema wewe, na wa kuambiwa ajijue. Ndiyo maana arusini mtu anaweza kugombana na jirani yake bila kufungua mdomo.

Njeri akanivuta mkono. "Tupa kwa hiyo kasha twende, baridi itatumaliza."

"Muimbaji hatupiwi, Njeri. Anayetupiwa ni ombaomba."

"Wewe nawe! Si hata huelewi anasema nini."

Nilimsikia? Nisikie wapi! Nikatoa noti ya pauni tano, nikainyanyua, nikamwendea yule msichana, mabega yanacheza ndani ya koti zito, Wazungu wananipisha. Nikamtia mkononi na vidole vyake nikamfumba mwenyewe. Mkono wake ulikuwa wa moto, na ile baridi yote.

Akaukata wimbo katikati ya neno. Akainama akaitazama miguu yake, na miguu ilikuwa imesimama. Akanitazama mie. Machozi yakamtoka, halafu mvuke ukamtoka mdomoni, kwa mara ya kwanza. Kisha akakaa palepale chini, akalaza kichwa juu ya spika, akalala fofofo. Hata kutikiswa hatikisiki. Askari wa madukani alikuja kumwamsha, na tulipoondoka alikuwa bado anahangaika naye.

"Aki huyo amechoka tu," Njeri akasema. Lakini na yeye alikuwa anageuka nyuma.

Kituoni watu walikaa kusubiri basi. Mie nikaona siwezi kukaa. Nikasema baridi hiyo.

Nyumbani nilikula huku nazunguka meza. Kulala, nikilala miguu inakwenda, shuka zinaishia sakafuni, Seif anauliza tumehamia gulioni? Kiwandani nikikaa kwenye benchi magoti yanawaka moto, mpaka msimamizi akanipa kazi ya kubeba trei. Nikipanda lile basi namba kumi na moja linalozunguka mji wote, nashuka katikati ya safari naendelea kwa miguu, na sina ninapokwenda. Swala niliweza, kwa sababu ina kuinuka na kuinama, lakini kikao cha tahiyatu kilikuwa adhabu. Shehe alinisomea, nikamwacha anasoma mie nimeshafika njia panda. Na kila ninapokwenda ule wimbo unanitoka mdomoni, kwa lugha ileile nisiyoijua, neno kwa neno. Niliogopa. Sitaki kujifanya shujaa, niliogopa sana.

Yote hayo ningeyavumilia. Lililonivunja ni la Rukia. Aliugua homa, nikabaki naye nyumbani, amelala kwenye kochi. Nikasema nikafunge dirisha. Niliposhtuka niko Acocks Green, mwendo wa saa nzima toka nyumbani, mbele ya stesheni, na kandambili miguuni! Nilirudi mbio nalia njia nzima. Seif alikuwa ameshafika. Alimkuta mtoto amekaa kwenye ngazi peke yake, mwili unachemka, anauliza mama yuko wapi.

Seif si mtu wa kelele. Siku ile alizungumza polepole, na hilo ndilo lililonitisha. "Mke wangu, mie sijui una nini. Lakini mwanangu hatokufa kwenye ngazi. Ikitokea tena nampeleka Unguja kwa mama yangu."

Nilikuwa nazunguka meza huku ananiambia.

Hayo yakaenda mwaka, yakaenda miaka. Longbridge wakafunga, wanaume kwa maelfu wakarudi majumbani, na mie bado natembea. Nilikuwa nimejifunza kumfunga Rukia mkono wake kwenye mshipi wa koti langu, tukitoka tutoke wote. Siku moja Njeri akanipigia simu: "Dada, kuja town uone." Kwenye ukuta wa ukumbi mkubwa palibandikwa bango. Uso wa yule msichana wa gita, mtu mzima sasa, mashavu yamejaa, anang'aa. Njeri akanisomea: muimbaji na mtunzi kutoka Japani, aliyeanza kwa kuimba mitaani, leo anajaza kumbi za dunia.

Usiku wa onyesho nilimwacha Rukia na babake, nikamvizia mlango wa nyuma wa ukumbi. Aliposhuka garini akaniona, akanijua papo hapo. Akawaashiria watu wake wabaki. Na kwa kuwa sisimami, ilibidi mazungumzo yawe ya kutembea: mie mbele, yeye ananifuata na gauni lake refu la jukwaani amelikamata mkononi, tunauzunguka ukumbi. Kizungu chake cha kuokoteza, changu cha kiwandani, tukaelewana.

"Ule wimbo sikuutunga mimi," akasema. "Nilikuwa msichana wa skuli, naimba mbele ya stesheni ya mji wetu. Palikuwa na mzee naye akiimba hapo. Wimbo wake ukanipendeza. Nikampa pesa kwa mikono miwili, nikamwomba wimbo uwe wangu. Akalala palepale."

Toka siku ile yule msichana akawa wa kutembea. Wenye kurikodi nyimbo walimtaka, walimsikia barabarani wakamwita studio, na kila alipoingia studio miguu ilimtoa nje kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Hakuna mji aliokaa. Aliimba mbele ya stesheni za nchi zote alizoweza kuzifikia, akingoja.

"Ukingoja nini?"

"Mtu wa kuuchukua. Watu wote wanatupa pesa kwenye kasha. Wewe peke yako ulinipa mkononi."

Alirudi kwao, akakaa studio miezi mitatu kwenye kiti kimoja, zikatoka nyimbo zake mwenyewe, na hizo ndizo zilizompa jina. Nikamwambia, bibi wewe, kazi yako yote hiyo imesimama juu ya miguu yangu! Akasema anajua. Nikamuuliza maneno ya ule wimbo yanasemaje, maana mie nimeyasema miaka yote na siyajui. Akanitafsiria huku anahema: msinitandikie, sikai, msinipikie, sili, mlango mtakaponifungulia, nitakuwa nimeshapita.

Toba! Na mie niliyasimamia maneno hayo mbele ya watu, noti juu, mabega yanacheza.

"Basi nauimba sasa hivi," nikamwambia. "Nitunze uuchukue. Mimi nina mtoto."

Akasimama. Akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti. "Nisamehe. Mimi sasa nalala," akasema. "Siwezi tena." Na hakuinuka, na mie sikuweza kumsubiri. Nilipozunguka nikarudi pale alikuwa ameshaingia ndani, nikasikia watu wanapiga makofi.

Njeri alinambia, "Si umwimbie mtu usiyempenda?" Sikatai, kuna bibi mmoja wa kiwandani nilimfikiria sana. Lakini wimbo hausukumwi, huchukuliwa na mwenye kuupenda. Na nani wa kumpenda mwanamke anayejiimbia njiani mvua inanyesha?

Yuko. Alikuwa mmoja, na mie sikumfikiria.

Jumapili moja nilikuwa jikoni, nazunguka kama kawaida yangu, wimbo unanitoka. Nikasikia sauti ya pili. Rukia alikuwa mlangoni amejifunga kanga yangu. Alikuwa ameshaushika wote, kwa miaka yote ile aliyotembea ubavuni mwangu amefungwa mshipini. Anaitikia, anatabasamu, na sarafu ya pauni ameinyanyua juu kwa vidole viwili kama bibi mkubwa wa arusini. Akanijia kwa madaha, mabega yanacheza. Anataka kumfurahisha mamake.

Nikueleze lililo baya kuliko yote? Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kupoa. Kabla sarafu haijanifika niliona utamu wa kusimama, niliusahau ulivyo. Kiti kilikuwa nyuma yangu. Ningenyoosha kiganja tu, basi.

Nikampiga kofi la mkononi. Sarafu ikaingia chini ya jiko. Sijapata kumpiga Rukia kabla ya hapo, na alivyonitazama sitosahau mpaka naingia kaburini. Moto ukarudi magotini hapohapo. Seif alikuja mbio kwa kilio cha mtoto, nikamwambia mie mwenyewe, kwa mdomo wangu: "Mpeleke Unguja. Kesho ikiwezekana."

Akanitazama. "Toka lini unataka?"

"Sitaki. Mpeleke."

Walipoondoka, uwanja wa ndege nilimzunguka mwanangu alipokaa kwenye kiti mpaka walipoitwa. Alidhani nina hasira naye. Nilimwambia sina, nampenda, akanijibu Kizungu kwamba mtu anayekupenda hakufukuzi. Atayaelewa siku moja, inshallah. Seif huenda na kurudi. Mie siwezi kwenda, kwa sababu ndege inataka mtu akae masaa na masaa na mkanda umefungwa. Nilijaribu mara moja, wakanishusha kabla haijaruka.

Sasa nagawa vipeperushi majumbani, kazi inayonifaa, toka Saltley mpaka Acocks Green na kwengineko. Yule Mjapani namsikia redioni. Sauti nzuri, na nyimbo zake zote ni za nyumba, na mto, na asubuhi mtu anaamka anapika chai. Nikimsikia namlaani, kisha namwombea, kisha namlaani tena.

Kwa hivyo sikiliza, wewe unayependa kusimama barabarani kila penye gita. Mpe mtu riziki yake, lakini itie kwenye kasha upite. Usimshike mkono. Na mdundo ukikupanda mabegani, kwanza uliza maneno yanasemaje. Na ukinikuta mie Alum Rock Road naimba, tafadhali, usinipende.

Rukia hupiga simu kila Ijumaa. Kiswahili kimemkaa sasa, cha Michenzani khasa. Huuliza swali moja tu: "Mama, utakuja lini?" Nami namjibu niko njiani.