D Iliyopakwa Rangi

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa la kipumbavu, nalijua: kama herufi mbili zinafanana kwenye karatasi kama pacha, nani anaumia ukiweka moja mahali pa nyingine?

Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, nikarudi Sumbawanga na kupata kazi ya kuchapa katika duka la kompyuta pale Majengo. Ilikuwa miaka ya soko huria. Kila fremu duka, kila mwenye duka mtaalamu. Bosi wangu juzijuzi tu alikuwa akiuza redio. Alikula chipsi juu ya kibodi, mpaka nikawa nagusa vitufe kwa ncha za kucha.

Mteja wetu alikuwa muuguzi Mmarekani wa kujitolea katika hospitali ya misheni, Mcherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Alikuwa ameandika kwa mkono, kwa herufi za kwao, hadithi ya bibi yake aliyefariki. Alitaka ichapwe ili aitume kwa barua pepe kwa binamu yake, anayekusanya maneno ya wazee kwenye kompyuta ili watoto wayatafute humo.

"Wanaokijua Kicherokee wanakwisha," alituambia. "Neno lisipopatikana humo, basi tena."

Kompyuta yetu haikuzijua herufi zile. Kila nilipojaribu kuziandika ilionyesha viboksi vitupu. Muuguzi alipoondoka, bosi aliitazama karatasi akacheka.

"Hii si D? Na hii si W? Sogea." Akachapa mwenyewe. Zisizofanana na zetu akaziwekea zilizokaribia.

"Bosi, ile si D. Kwao inasomwa *a*. Chuoni tulifundishwa, ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake. D yetu ni 44, yao ni 13A0. Mtoto akitafuta neno la bibi, halipati."

"Msomi, hapo ulipo unaziona hizo namba?"

"Hapana."

"Basi na huyo muuguzi hazioni. D ni D, hata ukiipeleka ziwani Kabwe ikavue dagaa."

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Bosi akalamba kidole chenye mafuta, akafunua karatasi ya bibi wa watu.

Kitandani nilijibishana na nafsi yangu. Labda bosi anasema kweli. Labda muuguzi ataridhika, na mimi ndiye nitakayefukuzwa kwa kujifanya najua. Halafu nikamkumbuka baba. Alinunua mbegu bora ya mahindi sokoni Namanyere, ya rangi ya waridi kama mbegu zilizotiwa dawa, nzuri kutazama. Alipoipanda vidole vilibaki na rangi. Yalikuwa mahindi ya chakula, yamepakwa. Mavuno yakawa vigunzi. Kwenye mfuko hukuona tofauti yoyote. Shambani ndiko ilikoonekana, na aliyeuza alikuwa ameshahama kibanda.

Asubuhi nilifungua duka mapema nikapakua fonti ya Kicherokee, faili lenye maumbo ya herufi zao, pamoja na orodha ya namba zake. Fonti ilishuka kwa kusuasua, na ilikuwa bado haijamalizika bosi alipoingia. Muuguzi akafuata.

"Shikamoo," akamwamkia bosi, kama alivyomwamkia kila mtu mjini.

"Marahaba! Kazi yako hii hapa, safi kabisa."

Aliipokea, akaitupia jicho, akatabasamu. Karatasi ilikuwa imependeza kweli, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi.

"Dada, usiitume hiyo," nikasema. "Hizo ni herufi za kwetu zimevalishwa sura ya zenu. Kompyuta ya binamu yako haitazitambua."

Tabasamu lilimtoka. "Kwa hiyo wakimtafuta bibi hawatampata?"

"Hawatampata."

"We mtoto, una wazimu?" bosi akafoka. "Ukikaa kwenye hicho kiti leo, kesho usije!"

Nikachukua kitambaa, nikafuta mafuta kwenye kibodi, nikakaa. Fonti ilikuwa imeshamaliza kushuka; nikafuta yote aliyoyachapa bosi. Nikaandika 13A0, nikabonyeza vitufe vya kuigeuza, na herufi ya kwanza ikatokea. Muuguzi akavuta kigoda, akaanza kunisomea inayofuata.