Koplo Aingie Ndani Kwanza

Baba mkubwa alipofariki, mkewe aliomba kitu kimoja tu. Alitaka jeneza lipitishwe nyumbani, liingie sebuleni, na yeye aachwe nalo kwa saa moja mlango ukiwa umefungwa. "Nina maneno naye," alisema. Kamati ya mazishi ikatazamana. Ilikuwa kamati kubwa kuliko ukoo wetu, na wengi wao sikuwahi kuwaona marehemu alipokuwa akiugua homa zake.

Shida ni kwamba marehemu alikuwa na wenyewe. Watu walimwita Koplo kwa sababu alikuwa mwanajeshi kabla ya kuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na sasa pande zote mbili zilikuwa zimekuja kumdai. Upande mmoja walikaa askari wastaafu na mwenyekiti wao, mzee mwenye tumbo na medali, ambaye vita vyote alivipigana bohari akigawa blanketi. Upande wa pili walikaa madereva, na kiongozi wao aliyeitwa Honi kwa sababu hajui kunong'ona. Walibishana nani ahutubie kwanza, nani abebe jeneza, nani akae karibu na kaburi. Sisi wa ukoo tuliruhusiwa kuchemsha chai.

Vita vya Koplo, kwa maelezo ya Koplo mwenyewe, vilikuwa vya maji. Aliendesha lori la maji nyuma ya jeshi na hakufyatua risasi hata moja. "Nikikwama kwenye tope, natukanwa," alikuwa akituambia. "Nikichelewa, natukanwa. Nikiwahi, wananiuliza mbona maji ya moto." Alikuwa na kovu gotini, kazi ya kifuniko cha tangi kilichomponyoka. Mwenyekiti alikwishalifanya kovu la bomu, na kila kikao bomu lile lilizidi kunenepa, hata nikaanza kujiuliza goti lenyewe lilisalimikaje.

Jambo moja tu la vita hakulifanyia mzaha. Aliwahi kuamriwa apeleke maji kwa kikosi cha mbele na asisimame njiani kwa mtu yeyote. Akawapita askari majeruhi walioketi kando ya barabara wakimwinulia makopo. Amri ni amri, hakusimama. Alinisimulia mara moja tu, mchana mmoja akipangusa kioo cha lori ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Alipoacha jeshi na kuingia barabarani, alibeba mapipa ya maji nyuma ya kabini na kumsimamia kila kiumbe: mwenye rejeta inayochemka, mama mwenye mzigo, hata mbuzi aliyepotea. Matajiri wa malori walimfukuza kwa uchelewaji, kisha wakamrudisha kwa uaminifu. Barabara nzima ilimpenda. Sisi tulizipata habari zake kwa hao aliowasaidia, maana yeye mwenyewe kumwona ilikuwa bahati.

Kwake ndiko alikokuwa hasimami. Nyumba yao iko kando ya barabara kuu, kwa hiyo lori lilipita mbele ya mlango, honi ikalia, mkono ukapunga dirishani, na lori likatokomea kwa sababu mzigo unasubiriwa. Mama mkubwa alikuwa akitoka mbio na mikono imejaa unga, anakuta vumbi. Mara chache alizokuja kulala, Koplo aliketi sebuleni na viatu vyake miguuni, anauliza sukari inakaa wapi. Huyo ndiye aliyejua kila shimo la barabara katika nchi za watu.

Alifia ndani ya kabini, mchana, kwenye foleni ya mpakani. Madereva walisimulia kifo hicho kwa wivu kabisa. "Alizima injini kwanza," Honi alisema huku akilia, "akavuta breki ya mkono, ndipo akafa. Mtu wa adabu." Mama mkubwa akauliza kama alikuwa amekula. Hakuna aliyejua.

Kuhusu lile ombi lake, mwenyekiti alimjibu kwa upole wa watu wenye ratiba.

"Mama, tunakuelewa sana. Lakini kuna gwaride, kuna hotuba, kuna wageni kutoka mbali. Hiyo saa moja ya kukaa kimya tuipachike wapi?"

"Sijasema nitakaa kimya," mama mkubwa alisema.

Hapo ndipo walipoogopa zaidi. Mmoja akanong'ona kwamba huenda kuna mke mwingine mjini, na mjane anataka kumsuta maiti. Mwingine akasema si vizuri mtu mwenye uchungu kuachwa peke yake na jeneza. Mwishowe wakamtunuku kiti cha heshima ndani ya kabini ya lori litakalombeba mumewe. Mama mkubwa akaitikia, "Haya." Mimi nikakunja uso, kwa sababu ninamfahamu. Akigomba, mambo ni shwari, lakini akisema haya na kunyamaza, kaa mbali.

Siku ya mazishi tuliondoka hospitali wastaafu wakiandamana mbele kwa mguu. Kwenye kona ya kwanza pumzi ziliwaisha, wakapanda basi ili wawahi kujipanga makaburini. Madereva walilifunga jeneza juu ya tela kwa kamba, wakazivuta, wakazigonga, wakazunguka tena kuzikagua, kama wanavyofanya na shehena ya vioo. Honi akashika usukani, mama mkubwa akaketi katikati, mimi mlangoni. Nyuma yetu malori mengine yalijipanga mstari mrefu.

Tukafika njia panda. Kushoto ni makaburini, kulia ni barabara kuu. Honi alikuwa akisimulia jinsi Koplo alivyomfundisha kushuka mlima kwa gia ndogo, machozi yanamtiririka, na mikono yake, ambayo imekata kulia pale maisha yake yote, ikakata kulia. Nikafungua kinywa. Mama mkubwa akanifinya paja mpaka nikaona nyota.

"Tulia," aliniambia chini chini, macho yake mbele.

Malori yote ya nyuma nayo yakakata kulia, moja baada ya jingine. Madereva wakiwa kwenye msafara wana sheria yao: hakuna kumuuliza aliye mbele, ni kumfuata tu. Na pale katikati ya barabara kuu kuna ukuta wa zege, tela haiwezi kugeuka popote mpaka ufike mizani, panapopimwa uzito wa malori. Honi alizinduka alipoliona bango la mizani. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinong'ona: "Tumepotea."

"Mmebeba nini?" karani wa mizani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Marehemu," Honi alisema.

"Hata kama. Kila lori linapanda."

Basi Koplo akapandishwa mizani, na tukapangiwa foleni kama wenye saruji na wenye mahindi. Uzito ulikuwa sawasawa. Honi aliapa kwamba miaka yote hiyo haikupata kutokea Koplo akapita pale bila mabishano.

Tulipokuwa tumegeuza na kuanza kurudi, simu ya Honi haikupumzika. Alikuwa mwenyekiti. Honi aliitazama ikilia, jasho linamtoka.

"Mama, nisamehe," alisema. "Ni mkono tu umenipeleka. Nikimbize makaburini?"

"Mwanangu, si unapita kwangu?"

"Napita, mama."

"Basi simama."

Akasimama, na msafara mzima ukasimama nyuma yake. Madereva wakashuka, wakavunja matawi ya miti na kuyatandaza barabarani kuonya magari yanayokuja, kama gari linapoharibika. Kisha wakambeba. Mlango wa mama mkubwa ni mwembamba, lakini hao ni watu waliowahi kuingiza tela kwenye ua wa ghala. "Kata kidogo kulia. Rudi. Rudi. Hapo, njoo taratibu." Jeneza likaingia bila kugusa fremu, likawekwa sebuleni juu ya viti viwili. Mama mkubwa akamtoa kila mtu nje, na mimi akaniweka mlangoni nisimruhusu mtu kuingia.

Kwa hiyo niliyasikia maneno ambayo kamati iliyaogopa. Kwanza kilisikika kiti kikivutwa. Kisha akashusha pumzi ndefu.

"Haya," alimwambia mumewe. "Kila mara ulikuwa unaniambia nitakumalizia habari ukirudi. Mara ya mwisho tuliishia kwenye paa."

Akaanza. Paa lilivuja juu ya kitanda, akakihamisha kitanda peke yake, na bega halijapona hadi leo. Jino lile aliling'oa. Binti yao amepata kazi, na anauliza kila siku kama baba atakuja kuona ofisi yake. Jirani amejenga choo karibu na kisima, na watu wote wanasubiri mwanamume mwenye nyumba aje aseme. Hakulia. Alikuwa akizungumza kwa sauti ile ile ya kila siku, akisimama kidogo baada ya kila habari, kisha anaendelea.

"Nilikuwa naichukia honi yako," alisema. "Na siku usipopita, nilikuwa siwezi kula."

Simu yangu ikalia. Mwenyekiti alikuwa akihema juani, na nyuma yake nilisikia wazee wakikohoa.

"Marehemu yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," nilisema. "Ana mazungumzo na mkewe."

"Sasa sisi huku tufanye nini? Gwaride limesimama, watu wamepanga mstari, hatujui anakuja saa ngapi."

Nikamwambia wamsubiri tu. Sisi tulifanya hivyo miaka yote.