Nilivyomshusha Sauti Mama Riziki

Ndugu wasomaji, nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mashine haikuharibika. Umeme haukukatika. Hakuna aliyenishika mkono. Ni kidole changu mwenyewe kilichotenda, tena kikiwa kisafi, maana mimi hunawa kwanza ndipo niguse vifaa.

Wanaonifahamu hapa Johannesburg watanitambua hata nisipotaja jina. Hao wameshanicheka vya kutosha. Nawaandikia nyinyi wengine.

Mimi ni mtu wa Kigoma, umri wa makamo, fundi cherehani huku Doornfontein. Sishoni, natengeneza zilizoharibika. Karibu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe. Nikipata kifaa kipya sikiwashi mpaka nimemaliza kitabu cha maelekezo, pamoja na kurasa za dhamana. Mke wangu husema kama ningechumbia kwa utaratibu huo, mpaka leo ningekuwa bado nasoma.

Mwaka 2018 nilinunua miksa ya kidijitali, iliyotumika lakini nzima, ile aina inayochanganya sauti na kuzirekodi papo hapo. Kwa asiyeijua: kila kipaza sauti kinaingia kwa njia yake, na kila njia inahifadhiwa peke yake. Watu wakishaenda kwao, wewe unabaki na sauti ya kila mmoja mkononi. Unaweza kufuta kikohozi cha huyu bila kumgusa yule. Unaweza kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine kwa kusukuma kitufe kidogo kinachoteleza juu na chini.

Nilipoelewa hilo nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona nimekabidhiwa watu!

Nikageuza chumba cha kulala kuwa studio. Nikatundika mablanketi ukutani na kuyaning'iniza katikati ya vipaza sauti. Kitanda kikasimamishwa wima. Mke wangu akauliza tutalala wapi. Nikamwambia hilo ni suala la muda.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya kikundi cha kina mama watano wa kanisani kwetu, kanisa lililo katika jengo la zamani katikati ya mji. Mke wangu ni mmoja wao. Walikuwa na wimbo wa shukrani waliotunga wenyewe. Mwingine alikuwa mama mmoja wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu. Nitamwita Mama Riziki. Anasuka nywele kando ya barabara, na sauti yake, niseme ukweli, ndiyo iliyokuwa inakibeba kikundi kizima.

Kwa wengine wimbo ule ulikuwa wimbo tu. Kwake ulikuwa na anwani. Mama yake mzazi yuko Kalemie, mzee sana, na karatasi za ukimbizi alizonazo Mama Riziki hazimruhusu kurudi kumwona. Yule mzee alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba binti yake anaimba Johannesburg, na wimbo ukifika wataitwa wote waje wamsikie. Mama Riziki alitueleza hayo huku anavaa hedifoni. "Papa Eliya," akaniambia, "unitengeneze vizuri. Kule kuna bantu banangojea."

Nilimwahidi. Nilisikia vizuri sana alichosema, na nilimwahidi.

Ilikuwa Jumamosi, na tulirudia wimbo mara nyingi. Nyingi mno, sasa nakubali. Mmoja akichelewa kidogo, nawasimamisha. Mwingine akimeza herufi, nawasimamisha. Katikati ya shughuli mita ya umeme ikaanza kulia kwamba uniti zinakwisha. Nikawaambia wapumzike, nikashuka ngazi, maana lifti ilikuwa imekufa, nikaenda kununua umeme kwenye spaza, duka dogo lililo chini ya jengo letu. Kulikuwa na foleni.

Mimi ninayewasema watu kwa kuacha taa ikiwaka! Niliacha mashine inarekodi.

Keshoye, baada ya ibada, nilikaa kuzisafisha njia, moja baada ya nyingine kama kitabu kinavyoelekeza. Nilipofika ya Mama Riziki nikasikia wimbo, kisha sauti yangu ikiaga, kisha mlango. Kisha kikohozi.

Kikohozi kilikuwa changu, lakini mimi nilikuwa nje! Kumbe ni Mama Riziki ananiigiza.

"Samahani, mama," alisema kwa sauti yangu, taratibu vilevile, na pua vilevile, "neno la tatu umelichelewesha. Kidogo. Kama nywele."

Kicheko kikalipuka kwenye hedifoni.

"Papa huyu anatushona!" akaendelea, sasa kwa sauti yake. "Anazani sisi ni cherehani. Minakwambia, siku moja atafungua koo yangu, atie mafuta, aseme haya, jaribu tena!"

"Afadhali wewe unarudi kwako," sauti nyingine ikajibu. "Mimi chai anaionja mara mbili, anatulia, halafu ndiyo anasema inahitaji sukari."

Huyo alikuwa mke wangu. Alicheka mpaka akakosa pumzi.

Msomaji, hakuna tusi lililotamkwa. Ulikuwa utani wa watu waliosimamishwa masaa mengi chini ya mablanketi. Mtu mzima angecheka. Mimi nilivua hedifoni, nikazifuta kwa kitambaa, nikazivaa tena, nikasikiliza upya. Halafu tena!

Mke wangu sikuweza kumgusa, maana ndiye anayepika. Ikabaki njia ya Mama Riziki.

Sikusema nalipiza kisasi. Hapana! Mtu wa aina yangu hasemi hivyo. Nilijiambia sauti yake ni kali, inafunika wenzake, mizani inadai ipungue. Nikaishusha kidogo. Nikasikiliza, nikaishusha tena. Kila nilipokumbuka kile kikohozi, kidole kilishuka chenyewe. Katika ubeti wa pili, ambao yeye na mke wangu waliuimba wawili, nilimwacha mke wangu peke yake. Mwisho Mama Riziki alisikika kama mtu anayefua nguo fleti ya jirani huku akiimba. Hata hicho kidogo kilibaki kwa sababu vipaza vya wenzake vilikuwa vimemdaka.

Nikafunga kazi. Nikafuta kadi yote ya mashine, sauti zote za awali. Niliita huo utaratibu. Kweli ni kwamba sikutaka kicheko kile kiendelee kukaa nyumbani mwangu.

Wimbo ukatumwa kwa simu, kina mama wakafurahi. Kila mmoja alisikia sauti yake mwenyewe, akaridhika. Mama Riziki peke yake ndiye aliyeusikiliza ameinamisha kichwa, simu imebanwa sikioni. "Simu yangu spika yake imekufa," akasema. "Nitautuma tu. Kule bako na spika ya kanisa."

Nilikuwapo. Nilisikia. Nikanywa chai yangu.

Baada ya hapo akaacha kuja mazoezini. Sikuuliza. Siku moja mezani, mke wangu akanisimulia huku anakata ugali.

"Baba Eliya, mwenzetu anaumwa. Anasema sauti imemwisha. Amekunywa tangawizi na asali, amepanga foleni kliniki, nesi kamwangalia koo haoni kitu. Sasa anaogopa ni ugonjwa usioonekana."

"Nani kamwambia sauti imekwisha?"

"Mama yake. Alialika majirani, akapika, wakakaa, wimbo ukapigwa. Wakamuuliza, mtoto wako ni yupi? Mama wa watu akasikiliza mpaka mwisho, hakuweza kumwonyesha. Kuna waliosema binti anadanganya, haimbi popote. Mzee akampigia akilia. Anamwambia, kama unaumwa kifua usinifiche."

Tonge langu lilibaki hewani.

"Mbona huli?" akauliza mke wangu. Akaniangalia. Wanawake jamani! Hakusubiri jibu. Aliweka kisu chini, akasema, "Umefanya nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na kikohozi. Mdomo ulimcheza kidogo alipokumbuka chai, lakini hakucheka. "Kesho utaenda," akasema. "Na usibebe maneno ya kitabu."

Nilimkuta Mama Riziki karibu na roboti, yaani taa za barabarani, amesimama nyuma ya mteja mwanamke wa Kizulu ambaye nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa na nusu imesimama. Nikaomba tuzungumze pembeni.

"Papa, mikono yangu iko kazini. Sema tu. Huyu hasikii Kiswahili."

Basi nikaungama hapohapo, watu wakipita na mizigo yao ya jumla. Nilianza kueleza mizani ya sauti, nikakumbuka onyo, nikaacha. Nikasema: "Sauti yako haijaisha. Nilikusikia ukiniigiza, nikakasirika, nikakushusha. Ni mimi."

Mikono yake ikasimama.

"Kumbe koo yangu iko muzima?"

"Nzima kabisa."

"Siumwi?"

"Huumwi."

Akafumba macho. "Asante Yesu!" akasema, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetua ndoo. Nilifikiri mambo yamekwisha. Jamani, hayakuwa yameanza! Akafumbua macho, akaninyooshea kitana.

"Weye! Mutu muzima na ndevu! Nimekunywa tangawizi mpaka tumbo inawaka! Mama yangu banamwambia mtoto wake ni muongo, na weye unakaa Doornfontein unakunywa chai? Juu ya utani?"

"Uthini lo baba?" akauliza mteja, anataka kujua huyu mzee anasema nini.

Mama Riziki akamweleza kwa Kizulu chake cha sokoni, na kikohozi akakitia. Yule mteja akageuza kile kichwa cha nusu nusu, akanitazama kutoka viatu hadi kofia.

"Hawu, baba!" akasema.

Sijawahi kutiwa aibu kwa maneno machache kama yale.

Nikaahidi kurekebisha. Akasema rekebisha basi, pandisha kitufe. Ikanibidi nimwambie hakuna cha kupandisha, nimefuta kila kitu. Akarudi kwenye kichwa cha mteja, akasuka mistari kadhaa, na afadhali angenitukana.

"Bon," akasema mwisho. "Jumamosi ninakuja. Nitaimba peke yangu. Na weye utasema na mama yangu kwa mdomo wako, kwa mashine ileile. Akusikie vizuri."

Alikuja asubuhi, akiwa amevaa kitenge cha ibada. Aliimba wimbo wote mara moja, macho kwenye dirisha. Sehemu fulani sauti ilimkatika kidogo. Zamani ningemsimamisha. Nilikaa na mikono chini ya mapaja.

Kisha wakanisimamisha mimi mbele ya kipaza, mke wangu akakaa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Mke wangu akaichukua. Nikamsalimu yule mama wa Kalemie, shikamoo, nikamwambia binti yake hakudanganya wala haumwi, na kwamba mimi nilimficha kwa hasira ya kijinga. Katikati nikakwama, nikakohoa. Wale wawili wakashikana mikono wasicheke. Nikaomba nirudie.

"Hapana," mke wangu akasema. "Imetoka vizuri."

Jibu lilifika kesho yake, ujumbe wa sauti, na Mama Riziki akaniletea nisikilize mwenyewe mlangoni, hakuingia.

"Mwanangu nimekusikia," yule mzee alisema. "Ni weye kabisa. Nimesikiliza mpaka simu ikakufa, nikachaji, nikasikiliza tena. Yule papa mwambie nimemusamehe. Lakini kama anapenda kutengeneza sauti ya bantu, aanze na yake. Iko kama mbuzi mwenye mafua." Akacheka. "Majirani siwezi kubaita tena mara ya pili. Watasema nimezeeka, ninatafuta sifa. Ninasikiliza peke yangu tu. Ni sawa."

Nilisema pole. Mama Riziki akaitia simu kwenye mkoba. "Utani wa mbuzi ni wake," akasema. "Hiyo hukuisikia kwangu." Akashuka ngazi.

Amesharudi kuimba kanisani, Mungu ashukuriwe, na akinikuta kwenye mitambo hunionyesha kidole gumba juu-juu, pandisha, mpaka ushirika wote unacheka. Nami nacheka, naanza kuzoea. Lakini nyumbani kwangu hajarekodi tena, wala wenzake. Na ule wimbo wa kwanza haurudishwi. Uko kwenye simu za watu, kwenye saluni, kwenye teksi. Watu wanautikisia kichwa. Mimi nasikia pengo katika ubeti wa pili.

Kwa hiyo wewe uliyenunua mashine kama yangu, au uliyepewa madaraka yoyote juu ya sauti za watu, nakuomba: ukiwa umekasirika, usiketi mbele yake. Ukisikia umeigizwa, cheka, hata kama kicheko hakitoki vizuri. Wala usijidanganye kwamba ni jambo dogo la kidole. Wewe unashusha kitufe hapa, na mahali usipopajua kuna mama amepika, amepanga viti, amewaambia majirani wanyamaze.