Mia na Moja Kwangu, Mia na Moja Kwake

Pikipiki yangu ilianza kuvuta sigara baridi ilipoingia. Nasema sigara kwa sababu moshi wenyewe ulikuwa mweusi, wa makusudi, na ulitoka zaidi kila nilipopanda kilima cha Kensington, hapa Johannesburg, na sanduku la chakula cha watu nyuma yangu. Petroli ilikunywa, nguvu haikuwa nazo. Siku moja mzee anayetembeza mbwa alikaribia kunipita pale kilimani, na yule mbwa akageuka kunitazama kwa huruma.

Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kupeleka chakula cha migahawa kwenye mageti ya watu. Nalala Berea, ghorofa kuukuu, chumba nilichogawana kwa pazia na fundi cherehani, Mkongo wa Uvira. Mke wangu alikuwa Tanga. Kwa miaka miwili nilikuwa namwomba aje tuishi pamoja, na kwa miaka miwili jibu lake lilikuwa moja tu: "Tutaona." Mtu wa Tanga akikwambia tutaona, ujue ameshaona.

Yeye si mwoga wa safari. Ni fundi wa pikipiki. Alisoma umeme wa magari katika chuo cha ufundi, akaingia gereji moja ya wanaume watupu, na hizi pikipiki mpya zisizo na kabureta zilipoanza kuletwa, wenzake walizikimbia, yeye akazikimbilia. Kabureta ulikuwa unaielewa kwa sikio na bisibisi. Hizi zina kompyuta ndogo chini ya kiti, inakusanya habari kutoka kwenye sensa zake, halafu inaamua injekta ifunguke kwa muda gani na imwage petroli kiasi gani. Ukitaka kujua inawaza nini, unachomeka kidude cha bluetooth kwenye soketi yake, unafungua programu kwenye simu, na namba zinaanza kupita.

Aliposikia habari za moshi, aliniamuru nikanunue kidude hicho. "Na usimruhusu mtu afungue hata nati moja kabla hatujaisoma," akasema. "We mwanaume nakujua, ukiona bisibisi mkono unawasha." Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini mke wangu aliamini ya kwake ni ndefu.

Basi tukawa na utaratibu wetu. Jumatatu asubuhi, watu wakiwa hawaagizi sana, nilishuka hadi kwenye ujia wa chini tulikoegesha pikipiki, nikafungua swichi bila kuwasha injini. Yeye huko gereji alikuwa na pikipiki ya mteja, aina ileile, mwaka uleule, naye amechomeka kidude chake. Tukapigiana simu na kusoma mstari kwa mstari, kama watoto wa madrasa wanaosikilizana sura.

"Betri?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Na ya huku. Joto la injini?"

"Tisa."

"Tisa! Maskini, hiyo pikipiki au friji? Ya huku thelathini. Haya, hewa ya nje?"

"Mia na moja."

"Na ya huku mia na moja. Hiyo iko sawa, tuendelee."

Mstari huo wa hewa ni wa sensa inayopima uzito wa hewa ya nje, ili kompyuta isimwage petroli kuliko hewa iliyopo. Mimi sikuujali kwa sababu hiyo. Niliupenda, basi, kuliko namba inavyostahili kupendwa. Joto letu lilikuwa mbalimbali, saa zetu mbalimbali, vitanda vyetu mbalimbali, lakini hewa yake mia na moja na yangu mia na moja. Nilikuwa nabaki pale kwenye ujia baada ya simu kukatwa, nikiiangalia ile namba mpaka skrini inazima.

Tena nikaigeuza kuwa ushahidi. "Umeona?" nikamwambia. "Hata pikipiki inasema huku ni sawa na huko. Njoo tu." Huo ndio uliokuwa wimbo wangu tangu nifike. Ugali upo, wanauita pap. Msikiti upo. Waswahili tumejaa, wa Kigoma, wa Mombasa, wa Bujumbura. Samaki wapo, ingawa hapo nilikuwa natia chumvi. Nilidhani mtu huitwa hivyo, kwa kuondolewa hofu. Mke wangu alicheka tu, akaniambia nisafishe plagi.

Nikasafisha plagi, nikaikuta nyeusi ti, nikaweka mpya. Moshi ukabaki. Tukabadili chujio la hewa, tukasafisha injekta, tukapima pampu. Moshi ukabaki. Programu haikuonyesha kosa lolote. Pikipiki yenyewe ni ya bei ya chini, haina ile sensa ya kwenye bomba la moshi ya kunusa uchafu wake na kujirekebisha, kwa hiyo ilikuwa inachafuka huku inajiona safi.

Nami, niseme kweli, sikuwa na haraka. Kabla ya ugonjwa ule simu zetu zilikuwa zimekauka. Umekula? Nimekula. Mama hajambo? Hajambo. Haya. Sasa alikuwa ananipigia yeye, hata mara mbili kwa siku, ana wazo jipya, sauti imechangamka, nyuma yake nasikia nyundo za gereji na mtu anaimba. Nilikuwa na hamu naye mpaka mbavu zinauma. Moshi ule ulikuwa unanipa sauti yake, nikawa nauogopa usije ukaisha.

Jumapili moja mchana tulikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa, nami nimeketi jikoni. Yule fundi cherehani alikuwa amesimama mbele ya sufuria yake, ameshika mwiko kama mtu anayetaka kupigana.

"Ndugu yangu," akaniambia, "hii maragi iko na kichwa nguvu! Tangu asubuyi inatokota tu. Kwetu Uvira iko inaiva mbio. Huku bila marmite ya pression utakula kesho."

"Nani huyo?" mke wangu akauliza. "Anasema nini?"

"Jirani yangu, na maharage yake. Anasema bila sufuria ya presha hayaivi. Maharage ya huku ni magumu."

"Magumu, au yanachemka na hayaivi?"

"Yanachemka vizuri tu. Hayaivi."

"Na yako?"

"Hata yangu. Tangu nimefika. Mimi siku hizi nanunua ya kopo."

  Akasema polepole, "Bibi yangu kule Lushoto alikuwa anabandika maharage alfajiri tuyale usiku. Huko uliko ni juu kama Lushoto?"

"Nasikia ni juu zaidi. Ila mlima wenyewe huuoni, ni juu kote."

"Nasikia! Miaka miwili unaishi juu ya mlima na hujaniambia?"

"Ningekwambia nini sasa? Maharage?"

"Shuka chini unisomee hewa."

Nikashuka, fundi cherehani nyuma yangu na mwiko wake mkononi, maana umbea hauna mwenyewe. Nikafungua swichi. Mia na moja.

"Haiwezekani," mke wangu akasema. "Pikipiki nimeipandisha Lushoto mwenyewe na kidude kikiwa kimechomekwa, namba ilikuwa inashuka hata kabla hatujafika. Huko juu hewa ni nyepesi. Sensa yako imekwama. Pikipiki inadhani iko Tanga, inamwaga petroli ya Tanga kwenye hewa ya Johannesburg. Itaachaje kutoa moshi?"

"Lakini si ni sawa na ya kwako?"

"Kuwa sawa ndio ugonjwa wenyewe." Akavuta pumzi. "Na mimi mjinga, nalinganisha na ya hapa, naona sawa, napita. Kwa sababu gani? Kwa sababu mume wangu kanihakikishia huko hakuna tofauti."

"Eish," akasema fundi cherehani, akapanda zake kwenda kwenye maharage.

Sensa nilipata Troyeville, kwa Mburundi anayefumua pikipiki zilizoanguka. Nikaifunga mwenyewe, mke wangu akiniangalia kwenye video na kunikaripia ninavyoshika waya. Nikafungua swichi. Themanini na tatu. Nilipopanda Kensington siku ile, pikipiki ilinirukisha mpaka nikashika breki kwa woga, na nyuma yangu hakukuwa na moshi hata wa dawa. Nikasimama juu ya kilima, nikampigia picha ya ile skrini, nikamtumia. Nilitegemea vigelegele.

Hakujibu. Niliona ameshaifungua. Nikapeleka oda moja, nikapeleka nyingine, nikakaa kwenye ukingo wa barabara nje ya duka moja la mikate nikingoja ya tatu. Ndipo alipopiga.

"Themanini na tatu," akasema.

"Umeona? Fundi wangu wewe."

"Basi kumbe uko mbali."

 Mimi umbali ule nilikuwa nimeusafiri kwa basi siku na siku, miguu ikavimba, lakini yeye ndiyo kwanza alikuwa anauona.

"Sasa niambie huko kukoje," akasema. "Usinipe Tanga. Tanga ninayo."

Nikamwambia. Sijui ilitoka wapi. Nikamwambia kwamba baridi ya hapa inapasua midomo mpaka damu, na asubuhi napanda ghorofa mbili natweta kama mzee. Kwamba nyumba zina waya za umeme juu ya kuta, na mteja hatoki, anatoa mkono tu kwenye upenyo wa geti, anachukua mfuko, mkono unarudi ndani. Kwamba nikisimama kwenye taa za barabarani naangalia nyuma kila mara, kwa sababu pikipiki huporwa hapo. Kwamba watoto wa majirani nikiwasalimu Kiswahili wananielewa na kunijibu Kizulu. Kwamba upande wangu wa pazia nina kitanda na ndoo, na Ijumaa nikitoka msikitini sina pa kwenda, naendesha tu. Kwamba nimechoka kuwa peke yangu, namtaka, nataka nimsikie akinikaripia uso kwa uso.

Alikuwa analia. Mke wangu akilia hatoi sauti, anapumua tu kwa mdomo.

"Miaka miwili umekuwa ukinialika Tanga," akasema mwishowe. "Leo ndiyo umeniita."

"Utakuja?"

"Hapana."

Alilisema bila hasira. "Mama sitamwacha, na wewe unalijua hilo. Lakini ungeniambia haya siku ya kwanza, siku hiyohiyo ningekwambia ninachokwambia sasa. Rudi. Mume wangu, nakuita. Gereji ipo, chumba kipo. Rudi nyumbani."

Miaka yote ile nilikuwa nasubiri yeye aseme anakuja. Haikunijia hata mara moja kwamba huenda naye anasubiri. Neno lilikuwa mdomoni, jepesi, la herufi chache. Kisha simu ikalia oda, sahani mbili za kuku, mtaa wa tatu kutoka pale, na nikaona kodi ya chumba, na hela za dawa za mama mkwe, na hela za kila mtu aliyeko kule anayesema fulani yuko Afrika Kusini.

"Nitakupigia," nikasema.

"Haya," akasema.

Nikavaa kofia. Nikakaa juu ya pikipiki, kidole kwenye swichi, nikaomba, wallahi, isiwake. Ingekuwa ile mgonjwa ya wiki iliyopita ingenisaidia, ningeiacha palepale na kutafuta basi la kaskazini. Ikawaka mara moja. Mke wangu ni fundi mzuri sana.