Tulivyokwenda Nyangamara Kuomba Maji

Mie safari naipenda, siwafichi. Wenzangu wakiambiwa kesho kuna safari tumbo linawakata, wanaanza kuuliza tutalala wapi, choo kiko wapi. Mie usingizi unaruka kwa furaha. Nafunga kanga zangu, natia mafuta ya nazi kwenye kichupa, nangoja alfajiri kama mtoto anavyongoja Idi. Na wala sina ninachokwenda kufanya huko. Harusini nachoka, msibani nachoka, njiani sichoki. Nipeni dirisha tu, nione nguo za watu zimeanikwa, nijiulize yule mama anayekimbiza mbuzi mumewe yuko wapi saa hizi.

Ndiyo maana niliolewa na dereva. Mama yangu hakutaka. Alinambia, "Mwanaume wa gari ana mke kila penye gereji." Nikamjibu, "Basi mie nitakaa garini, hao wa gereji atawaonea wapi?" Akanirushia mwiko, nikaukwepa. Nikaolewa.

Babu yenu aliendesha lori la mtu, la korosho. Barabara yetu hii ya kusini wakati ule haikuwa barabara, ilikuwa tope lenye jina. Masika mkitoka Lindi kwenda Dar mnakwama mpaka mnapikiana, watu wanachumbiana palepale kwenye tope. Kabla sijazaa nilikuwa napanda naye. Nakaa katikati, utingo dirishani, tunakula mihogo ya kuchoma, tunacheka. Na babu yenu alikuwa anaijua ile njia kwa makalio. Unaweza ukamfunga kitambaa machoni, gari likiruka mara moja anasema hapa Kiranjeranje, likizama anasema Mbwemkuru hiyo, shikeni vyombo.

Sasa huko kuijua njia ndiko kulikomponza.

Kwao ni Nyangamara, unaingilia Mtama. Mama yake aliugua huko. Kaka yake mkubwa akatuma salamu kwa watu wa magari, kwamba yule mdogo wangu akija na lori akate kona aje amchukue mama tumpeleke hospitali, maana machela tumeshindwa, mto umejaa. Salamu zilimkuta babu yenu Masasi. Mie wakati ule nilikuwa nyumbani na mtoto mchanga. Akashuka na mzigo wake kuelekea Lindi, akafika Mtama, mawingu yamefunga. Akafikiri, nikiingia ndani na hili gari zito nitazama, mzigo utaloa, tajiri atanifukuza. Akafikiri tena, nitashusha Lindi nirudi na gari tupu. Akapita.

Kurudi, akakuta udongo mbichi wa kaburi.

Kaka yake hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia neno moja tu, "Ulipita Mtama. Watu walikuona." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakusema naye tena. Wakikutana kwenye msiba wa ndugu, huyu anakaa huku, yule kule. Babu yenu alituma watu, alituma wazee, alituma mpaka shehe. Jibu lilikuwa hilohilo: arudi palepale Mtama alipompita mama, akamwombe yeye.

Miaka ikaenda hivyo. Tukahamia huku Kivinje, lori likafa, na yeye sukari ikamla macho, kwanza la kushoto halafu la kulia. Miguu nayo ikaanza vidonda. Akawa mtu wa kukaa barazani, anasikiliza hiace zinazokwenda Masoko na kusema ile gia anaivunja, ile breki hana.

Halafu binti wa shemeji yangu, huyo kaka mkubwa, akapiga simu. "Mama mdogo, baba ameanguka. Upande mmoja umelala. Hasemi, ila anasikia."

Babu yenu akasema, "Anasikia?"

"Anasikia."

"Twende."

Watoto zangu walikuja juu. Mkubwa akasema, "Mama, baba hata msalani anashikwa, unampeleka Nyangamara kufanya nini?" Nikawaambia anakwenda kutemewa maji. Hilo wanalijua, wakakubali. Kwao babu yenu mtu akikuwekea neno moyoni, samahani ya mdomo haitoshi. Anapewa maji, anayashika kinywani, anakutemea kifuani. Hapo neno limetoka, limekwenda na maji. Akiyameza, basi kalimeza na neno. Litakaa naye mpaka kaburini, na wewe mpaka kaburini. Babu yenu alikuwa anajijua hali yake. Alisema, "Sitaki kwenda mbele ya Mungu na neno la kaka yangu."

Basi alfajiri hiyo mie nilikuwa wa kwanza kujifunga kanga. Msinicheke. Mume mgonjwa, shemeji mgonjwa, na mie moyo unanidunda kwa raha kwamba nakwenda safari.

Tukashuka Nangurukuru kungoja basi la Masasi. Babu yenu kashika furushi la ng'onda, samaki wakavu wa kumpelekea kaka yake, hataki nimpokee. Konda akatuona.

"Shikamoo babu, shikamoo bibi. Mnakwenda mpaka wapi?"

"Marahaba," babu yenu akasema. "Mtama. Lakini nikae mbele, karibu na dereva."

"Babu, mbele kuna abiria, na wewe huoni, utaangalia nini?"

"Nitamwangalia dereva kama anajua kazi."

Watu wakacheka, na yule abiria wa mbele, mama mmoja mnene, akainuka mwenyewe akasema, "Njoo ukae, baba, umsimamie huyu, tangu Kibiti anatuendesha kama kabeba mchanga." Tukabanana wawili kwenye kiti chake. Sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale. Kioo chote chako.

Basi likaondoka, na babu yenu akatulia, kichwa kakiinamisha hivi, anasikiliza kwa makalio yake. Nikangoja aanze kutaja. Kimya. Tukapita Hoteli Tatu, kimya. Mwisho akaniuliza, "Bibie, tuko wapi?"

"Tumeikaribia Kiranjeranje."

"Mbona gari halisemi?"

Nikamwambia ni lami, yote lami siku hizi. Aliwahi kupita juu ya lami hii macho yakiwa mazima, lakini kwa macho hakuwa na haja ya kusikiliza. Nilimwona uso unamsawijika. Nikasema ah, nimemleta mtu huku apotee kwenye njia yake mwenyewe. Mara gari likaruka tuta. Kwenye vijiji wameweka matuta, kila kijiji na yake.

"Hilo nini?"

"Tuta."

Likaruka jingine, na jingine.

"Hapa kuna shule," akasema.

Dereva akageuka. "Babu, umejuaje?"

"Matuta yamesongamana. Tuta moja ni la kuku. Yakisongamana ni ya watoto."

Ikawa mchezo. Basi zima wakaingia. Gari likiruka wanapiga kelele, "Babu, hilo la nani?" Naye anajibu, "Hilo la mwenyekiti, anapenda magari yapunguze mwendo yaione nyumba yake." Yule mama mnene kucheka mpaka kanga inamdondoka. Tulipovuka Mbwemkuru akaijua mwenyewe kwa ubaridi, akanyoosha mkono dirishani kama anaisalimia. Karibu na Lindi akanusa chumvi.

Na katikati ya mchezo ule alikuwa ananong'ona kwangu. Anapanga maneno. "Nitamwambia kaka, nimekuja." Anafikiri kidogo. "Hapana. Nitaanza na mama. Nitasema, mama nilimpita." Mara, "Unafikiri atalia?" Mara, "Akinitemea nitavua shati kabisa, nisije nikabakiza." Mie nasema vua, mume wangu, nitakupa kanga ujifute. Uso wake ulikuwa umenyooka. Niliolewa na ule uso, mie nikauona tena baada ya miaka, pale kwenye kiti cha mbele cha watu.

Mnazi Mmoja, hii ya mbele ya Lindi, nikanunua korosho, tukatafuna. Basi likakata kuelekea juu. Kuanzia hapo hakutaja tuta tena. Konda alipoita Mtama, aliniuliza tu, "Ile kona ipo?"

"Ipo. Pana kituo cha bodaboda."

"Haya. Leo nakata."

Tukachukua bajaji mpaka Nyangamara, mavumbi mpaka kwenye meno. Binti wa shemeji akatupokea, akalia kidogo, akatuingiza. Shemeji alikuwa amelazwa kitandani hapo ukumbini, mlango wazi apate hewa. Mdomo umekwenda upande, jicho la upande huo linatoka machozi. Nilipoyaona yale machozi nikasema alhamdulillahi, moyo umelainika. Binti akanivuta. "Mama mdogo, hilo jicho linatoka machozi tangu aanguke. Hata akimwona kuku linatoka."

Lile jicho jingine lilikuwa kavu. Linamwangalia babu yenu.

Nikamshika mkono nikampeleka. Akapiga magoti sakafuni na vidonda vyake, akapapasa mpaka akaukuta mguu wa kaka yake, akaushika. Akavua shati kweli. Maneno aliyoyapanga njia nzima hakusema hata moja. Alisema, "Kaka, nilipita Mtama. Nilijua mama anaumwa, nikapita. Naomba maji."

Binti akaleta maji kwenye kikombe. Akamwinua baba yake kichwa, akamnywesha. Shemeji akayashika. Naapa aliyashika, shavu lile zima lilijaa. Babu yenu kainamisha shingo, kifua wazi, anangoja. Nje kuna mtu anatwanga, na mie naomba Mungu yule mtu aache kutwanga.

Halafu koo la shemeji likapanda likashuka. Lilisikika.

Babu yenu akauliza, "Amemeza?"

Binti akasema, "Labda kiu, baba mdogo. Joto leo."

"Kiu," babu yenu akasema. "Haya, mpe tena, kiu imeisha."

Akapewa tena. Safari hii alibana meno, maji yakateremka kidevuni yakaingia kwenye mto. Jicho kavu halikutoka juu ya mdogo wake. Babu yenu akangoja. Alingoja kama anayengoja lori linalokuja kumkwamua. Mwisho akapapasa shati lake, akavaa, akakosea vifungo, akasema, "Ng'onda ziko kwenye furushi, mama. Mpikie baba yako mchuzi."

Jioni nikamsaidia binti kupika kisamvu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Usimwambie baba mdogo. Tangu baba aanguke hajameza kitu vizuri. Uji namtilia nusu kijiko nusu kijiko, unarudi. Maji yanarudi. Yale ya leo tu ndiyo aliyoyameza moja kwa moja."

Nikasema sitamwambia.

"Nimesikia," babu yenu akasema. Alikuwa amekaa nyuma ya ukuta wa jiko, anaota jua la mwisho.

Asubuhi akaingia kumuaga kaka yake, akamwambia, "Mie narudi." Basi. Kule Mtama tukapata gari, si lile, jingine, na viti vya nyuma. Nikaona nimchangamshe. Likiruka tuta namwambia, hili la nani? Hajibu. Namwambia tunapita mahali fulani, pamejengwa msikiti mzuri. Hajibu. Tumefika Lindi ndipo akasema, "Bibie, acha niende kimya." Nikaacha. Safari ile ndiyo peke yake niliyoiona ndefu maishani mwangu.

Hakukaa sana. Vidonda vilipanda, tukamzika hapa Kivinje. Shemeji yangu bado yuko, analishwa uji. Binti aliniambia kwamba alipomfikishia habari ya msiba lile jicho moja lilitoka machozi, na wote wawili tulijua ni lile linalolia hata kwa kuku.

Sasa wanangu, siku wakikasirika, wananiambia, "Mama, ungemwacha barazani pale, angekufa akijua kaka yake atamsamehe siku moja. Wewe na kupenda kwako magari." Nalisikia hilo, na usiku mwingine linanichoma. Huenda ni kweli.

Lakini wao hawakuwa kwenye basi lile. Hawakumwona anauliza kama kaka yake atalia. Hawakuona alivyokaa, toka Nangurukuru mpaka Mnazi Mmoja, na moyoni mwake kesi yote imeshakwisha, ameshatemewa, ameshajifuta, anawachekesha watu. Barazani pale alikuwa na neno la kaka yake kila siku, asubuhi na jioni. Njiani hakuwa nalo. Mchana mmoja. Nimekaa na yule mwanaume maisha, mchana huo ndio niliompa.